Tusihukumu Shauri kwa Mwisho Wake

Kuna kosa moja nililoliona katika mabaraza yetu, katika kamati za kanisa, katika vyama vya ushirika na hata nyumbani mwetu, nami siwezi kulinyamazia tena. Kosa hilo ni hili: twalihukumu shauri kwa mwisho wake. Mtu akikata shauri, mambo yakaenda vizuri, twasema ana akili. Mambo yakiharibika, twasema ni mpumbavu, au ni mwizi. Hatumwulizi alijua nini siku ile alipokata shauri, wala alipima nini, wala alitaka maoni ya nani. Twatazama mavuno tu. Nasema waziwazi ya kuwa desturi hii inaharibu mali yetu, inawafukuza watu wema katika uongozi, na inawafundisha watoto wetu kuitumaini bahati.

Ingekuwa rahisi kuwanyoshea kidole wengine. Lakini kosa hili nimelitenda mimi mwenyewe, tena mbele ya watu, kwa hiyo yanipasa kuanza na langu.

Katika chama kimoja cha wakulima, ambacho mimi pia ni mwanachama wake, mweka hazina alikuwa mzee mpole, mtu wa daftari. Mwaka ule mahindi yalikuwa mengi ghalani, na swali lilikuwa moja: tuyauze sasa, au tungoje bei ipande? Mzee huyu hakuropoka. Alitafuta bei za miaka 8 iliyopita, akaziandika. Akaona ya kuwa katika miaka 6 bei ilipanda kabla ya Krismasi, na katika miaka 2 ilishuka. Akawauliza wafanya biashara watatu. Akatazama na deni la chama, na ada za vijana wetu walioko vyuoni. Kisha akasimama akasema, "Ndugu zangu, yaelekea bei itapanda, lakini si hakika. Tukiuza yote leo, huenda tukaacha faida njiani. Tukiweka yote, na bei ikashuka, hatutaweza kulipa deni. Basi naona tuuze nusu, tuweke nusu." Tukakubali. Mwaka ule bei ikashuka.

Ndipo manung'uniko yalipoanza. Mkutano ukaitwa. Mmoja akasema mzee ametuponza. Mwingine akasema huenda amekula fedha, ingawa daftari lilikuwa pale mezani na hesabu yake ilikuwa kamili mpaka shilingi ya mwisho. Hapana aliyelifungua. Wakaulizwa wanaotaka aondolewe wainue mikono. Mikono mingi ikainuka, na mkono wangu mimi, mwalimu niwafundishaye watoto hesabu, ulikuwa mmojawapo.

Akachaguliwa kijana mmoja hodari wa maneno. Mwaka uliofuata hakupima lolote; dereva mmoja wa lori alimwambia njiani ya kuwa bei itapanda, basi akaja akasema, "Tuweke yote." Bei ikapanda kweli. Tukamshangilia, tukamchinjia mbuzi. Mwaka wa tatu akasema vile vile, "Tuweke yote," wala hakutoa sababu, maana sisi tulikuwa tumekwisha kumfundisha ya kuwa sababu hazitakiwi. Mwaka huo bei ikashuka, wadudu wakaingia ghalani, deni likazidi, na vijana wanne waliokuwa vyuoni wakarudi nyumbani kwa kukosa ada. Mpaka leo wawili kati yao hawajarudi masomoni.

Nawauliza, wasomaji: kijana yule alikosa mwaka gani? Wengi husema mwaka wa tatu. Mimi nasema alikosa mwaka wa pili, siku ile ile tuliyomchinjia mbuzi. Shauri lake la mwaka wa pili na shauri lake la mwaka wa tatu ni shauri moja: kuhatarisha mali yote ya watu kwa neno la mpita njia. Mara ya kwanza bahati ilimfunika, mara ya pili ikamwacha uchi. Na yule mzee? Mzee hakukosa kabisa. Alikata shauri jema, likapatwa na mwaka mbaya. Kwa kuuza nusu alituokoa na hasara ambayo ingekuwa mara mbili, nasi tukamlipa kwa aibu.

Mama akimwona mtoto ana homa, akamkimbiza hospitali mapema, akampa dawa kama alivyoagizwa, kisha mtoto akafa, je, tutasema mama huyo amekosa? Hasha. Na mlevi akiendesha pikipiki usiku bila taa, akafika kwake salama, je, tutasema ana busara? Katika mambo hayo twaona wazi. Lakini ikija fedha ya chama, au jengo la kanisa, twasahau, twauliza neno moja tu: "Imekuwaje mwisho wake?"

Lipo jambo moja kubwa la kushika hapa. Mwisho wa jambo hutoka katika mambo mawili: shauri tulilolikata, na yale yasiyo mikononi mwetu, kama mvua, bei, ugonjwa na vita. Hayo ya pili hatuyatawali. Shauri letu ndilo tunaloweza kulitengeneza. Basi mtu anayetaka uongozi uwe mwema hana budi kulikagua shauri lenyewe, jinsi lilivyokatwa, kwa habari zilizokuwapo siku ile.

Elimu ya kazi hii ipo, wala si ya jana. Mwaka 1772 Joseph Priestley, mhubiri na mtaalamu wa Uingereza, alikuwa na shauri gumu la kazi, akamwandikia rafiki yake Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa akikaa London. Franklin hakumwambia afanye nini. Alimweleza namna ya kukata shauri. Agawe karatasi sehemu mbili kwa mstari. Upande mmoja aandike sababu za kukubali, na upande wa pili sababu za kukataa. Aendelee hivyo siku tatu au nne, maana sababu haziji zote kwa pamoja, leo zaja hizi na kesho zile. Kisha azipime. Akiona sababu ya upande huu yalingana kwa uzito na ya upande ule, azifute zote mbili, mpaka aone upande upi umebaki na uzito. Karatasi moja na kalamu, basi. Watu waliokuja baadaye wakaizidisha elimu hiyo. Mwaka 1966 Ronald Howard, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford katika Marekani, aliipa jina lake ijulikanalo nalo kwa Kiingereza, na mwaka 1968 Howard Raiffa wa Chuo Kikuu cha Harvard akatoa kitabu cha kuieleza. Kwa Kiswahili mimi naiita kupima shauri. Hao waliongeza neno moja kubwa: pamoja na kupima sababu, tupime na shaka yetu, tena kwa namba.

Labda msomaji atasema, "Hayo ni makosa ya sisi wanakijiji. Wakubwa wenye elimu na fedha hawakosi hivyo." Basi na twende Kongwa, katika nchi ya Ugogo, tukaone.

Baada ya Vita Kuu ya pili watu wa Uingereza walipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mmoja wa wakuu wa kampuni ya United Africa, alipeleka kwa serikali yake shauri la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ikatuma watu watatu kuitazama nchi, na mkubwa wao alikuwa John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa kilimo katika Tanganyika. Wakazunguka kwa majuma machache, kwa ndege na kwa gari, wakarudi na habari njema. Shauri likawa la eka zaidi ya 3,000,000, nyingi katika Tanganyika na nyingine katika Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ndiyo Zambia, kwa muda wa miaka 6 na kwa gharama ya karibu pauni milioni 24. Mahali pa kuanzia pakawa Kongwa.

Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi. Mwaka 1947 walikusudia kulima eka 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Matrekta mengi yalikuwa yamekwisha kutumika kwingine, yakaja yakafa porini. Mibuyu na vichaka vyenye mizizi ya kwenda mbali vikayashinda majembe. Udongo ulipokauka baada ya mvua ukawa mgumu kama tofali, na karanga, kama tujuavyo sote, huzaa chini ya ardhi. Nani atazing'oa humo? Kisha mvua zikapungua. Mwezi wa Januari 1951 serikali ikaliacha shauri lile, na fedha iliyofutwa katika vitabu vyake ilizidi pauni milioni 36.

Lakini ngoja kwanza. Mimi nimesema tusihukumu shauri kwa mwisho wake. Je, nitawahukumu mabwana hao kwa sababu karanga zilikufa? La. Nikifanya hivyo nimejipiga mwenyewe. Nawahukumu kwa jinsi walivyokata shauri lao mwaka 1946, kabla mti wa kwanza haujaanguka.

Kosa la kwanza: mambo matatu makubwa, yaani mvua, udongo na mashine, yaliingizwa katika hesabu kana kwamba yalikuwa yamekwisha kujulikana. Hapakuwa na daftari la mvua la miaka mingi la Kongwa penyewe. Wazee wa Kigogo walikuwapo, nao waliikumbuka njaa iliyoitwa Mtunya, iliyowaua watu wengi sana kati ya mwaka 1917 na 1920. Ukimwuliza mzee kama huyo, "Katika miaka kumi ya nchi hii, mvua hukosa miaka mingapi?" atakupa jibu lenye thamani kuliko mwendo wa ndege. Hesabu zilikuwapo nyingi katika shauri la karanga. Kilichokosekana ni shaka. Na hesabu ya mambo ya mbele isiyo na shaka ndani yake ni ndoto iliyoandikwa kwa namba.

Kosa la pili: hawakujaribu kwanza kwa udogo. Najua watetezi wao husema njaa ya mafuta ilikuwa kubwa, wala muda haukuwapo. Lakini shamba dogo la misimu miwili lingewaonyesha udongo mgumu, na matrekta machache yangewaonyesha mizizi, kwa gharama ndogo sana mbele ya pauni milioni 36. Mwenye haraka ndiye anayehitaji kujaribu kuliko wote, maana akikosa hana muda wa kurudi nyuma.

Kosa la tatu: walipoona mambo yanakwenda vibaya hawakusimama mapema. John Strachey, aliyekuwa waziri wa chakula, aliendelea kulitetea shauri lile bungeni. Maradhi haya twayajua sana hata kijijini: "Tumekwisha kutumia fedha nyingi, tutaachaje sasa?" Fedha iliyokwisha kuliwa hairudi kwa kuongezewa nyingine. Swali la leo ni moja tu: shilingi niliyo nayo sasa, nikiitia hapa, itazaa nini, na nikiitia pengine, itazaa nini?

Linganisheni na Musa katika kitabu cha Hesabu, sura ya 13. Alipotuma wapelelezi katika nchi ya Kanaani, hakuwaambia tu wakaione. Aliwapa maswali: watu wake ni wachache au wengi, ardhi yake ina rutuba au haina, ina miti au haina. Wakatembea kwa miguu siku 40, wakarudi na matunda mikononi. Huyo alikuwa mtu aliyeahidiwa nchi na Mungu mwenyewe, na bado alituma watu wakapime udongo!

Sasa msomaji ataniuliza, "Mwalimu, umekwisha kulaumu. Tufanyeje?" Nitaeleza kwa mfano wa shamba. Namba nitakazozitaja ni za mfano tu; kila mtu atie za kwake.

Tuseme mtu ana eka moja katika nchi ya mvua chache. Akipanda mahindi, mwaka mwema apata magunia 10, na mwaka mbaya gunia 1. Akipanda mtama, mwaka mwema apata magunia 6, na mwaka mbaya magunia 4. Apande nini? Katika baraza, mwenye sauti kubwa atasema "Mahindi!" kwa sababu anaukumbuka mwaka wa magunia 10. Mwingine atasema "Mtama!" kwa sababu anaikumbuka njaa. Watashindana mpaka jua litue.

Mpima shauri atauliza kwanza: katika miaka 10, miaka mibaya ni mingapi? Tuseme ni 4. Basi mahindi katika miaka 10 yatampa 60 ya miaka myema na 4 ya miaka mibaya, jumla magunia 64. Mtama utampa 36 na 16, jumla 52. Mahindi yamezidi. Je, miaka mibaya ikiwa 5? Mahindi 55, mtama 50. Bado mahindi. Je, ikiwa 6? Mahindi 46, mtama 48. Hapo shauri lageuka! Mwaona sasa ubishi wote ulikuwa juu ya nini? Ulikuwa juu ya jambo moja: miaka mibaya ni mitano au ni sita. Basi wacheni kupigana. Nendeni kwa wazee, nendeni kwa Bwana Shamba, tafuteni kumbukumbu za mvua, mkajue jambo hilo moja. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kupima: hutuonyesha ni habari ipi yafaa kutafutwa, na ni habari ipi hata ikipatikana haitageuza kitu.

Lakini kazi haijaisha. Mahindi yamezidi katika jumla. Je, kila mtu apande mahindi? La. Hapana mtu alaye jumla ya miaka 10. Kila mwaka una njaa yake. Mwenye ghala lililojaa aweza kupanda mahindi, maana mwaka wa gunia 1 hautamwua. Mjane mwenye watoto, ambaye bila magunia 4 hawezi kufika mavuno mengine, yafaa apande mtama, hata kama jumla yake ni ndogo. Wawili hawa wamepanda tofauti katika mvua moja, na wote wawili wamekata shauri jema. Kwa hiyo kamati isiulize tu, "Tutapata nini?" Iulize na hili: "Mambo yakiharibika, tutaweza kuyastahimili?" Yule mzee wetu aliuliza swali hilo, akauza nusu.

Basi utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza, andikeni njia zote, zisipungue tatu, na mojawapo iwe kujaribu kwa udogo. Pili, andikeni mambo msiyoyajua, na kila mtu aandike peke yake, bila kumtazama mwenzake, aonavyo yeye: katika mara 10, jambo hili litatokea mara ngapi? Kisha zisomwe zote. Palipo na tofauti kubwa, kila mmoja aeleze ajualo. Tatu, andikeni kila njia italeta nini katika heri na katika shari. Nne, tafuteni ile habari moja inayoweza kuligeuza shauri. Tano, kabla ya kuinua mikono, fanyeni kama alivyoshauri Gary Klein, mtaalamu wa Marekani, mwaka 2007: jifanyeni kwamba mwaka umekwisha kupita na shauri lenu limeanguka vibaya, kila mtu aandike sababu ya kuanguka kwake. Mtaona yule aliyekuwa akiogopa kumpinga mwenyekiti sasa amepata mlango wa kusema. Mwisho, tieni yote katika daftari, na siku ya hukumu ya shauri lile, daftari lifunguliwe kwanza.

Nazijua hoja za wanaopinga, maana nimezisikia kwa masikio yangu.

Wa kwanza husema kupima hivi ni kukosa imani. Katika mkutano mmoja ndugu mmoja alianza kueleza shaka yake juu ya jambo, akanyamazishwa kwa Waraka wa Yakobo, ya kuwa mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Loo! Yakobo anena juu ya mtu anayemwomba Mungu hekima, kisha amtilia shaka Mungu. Kutilia shaka mvua si kumtilia shaka Muumba wa mvua. Wala kumtilia shaka dereva wa lori si kumkana Kristo. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka sura ya 14, alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, asipoketi kwanza kuhesabu gharama, watu watamcheka. Na baada ya huyo akataja mfalme aendaye vitani, anayeketi kwanza kupima kama watu 10,000 wataweza kupigana na watu 20,000. Mkristo akatazaye kuhesabu, amtii nani?

Wa pili husema wazee wetu walitawala bila karatasi. Ni kweli hawakuwa na karatasi, lakini ni uongo kwamba hawakupima. Mzee aliyepanda mashamba mawili, moja bondeni na moja mlimani, alipima. Aliyewagawa ng'ombe wake kwa rafiki wa nchi tatu, ili ugonjwa ukija usiwamalize wote, alipima kuliko mabwana wa Kongwa. Baraza lililozunguka mpaka kila mtu aseme lilikuwa likitafuta habari. Sisi tumeacha subira yao, na kalamu hatujaishika. Tumebaki na kelele tu.

Wa tatu wana hoja yenye nguvu, nami naiheshimu. Husema, "Namba nazo hudanganya, kiongozi mjanja atatia azipendazo." Ni kweli. Namba yaweza kudanganya. Lakini namba iliyoandikwa yaweza kuulizwa, na neno lililopaa hewani haliwezi. Mtu akiandika kwamba bei itapanda mara 9 katika 10, mwaka hadi mwaka, na kila mara yashuka, daftari litamfichua. Akisema tu "Niaminini," hapana kitakachomfichua isipokuwa hasara yetu. Mjanja haogopi kelele, huogopa daftari.

Sasa nimalizie na lililonitia kalamu mkononi. Karibu chama chetu kitakutana kukata shauri la kununua mashine ya kusaga kwa mkopo. Tayari watu wamegawanyika. Upande mmoja wapiga makofi, upande wa pili waguna, na hapana hata mmoja aliyehesabu ni debe ngapi zinazosagwa kijijini kwa juma, wala mafuta yatagharimu nini, wala tutalipaje mkopo ikiwa mashine itakufa mwezi wa tatu. Huenda tukainunua, ikatutajirisha. Hata hivyo nasema sasa, kabla ya mwisho kujulikana, ili mtu asije akasema nimesubiri matokeo: tukiinunua kwa jinsi hii ya makofi, tutakuwa tumekata shauri baya, hata kama itasaga miaka 20.

Kabla ya kuandika maneno haya nilikwenda kwa yule mzee. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa mkono wangu nilioinua siku ile. Akanikaribisha kiti, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kuondolewa hakukuniudhi. Uongozi si mali yangu. Kilichoniudhi ni kwamba daftari lilikuwa mezani, na wewe ujuaye kusoma hukulifungua."

Sikuwa na jibu, wala leo sina. Nimemwomba aje mkutanoni na daftari lake, naye amekubali. Nitakaa karibu naye. Kabla ya mkono wowote kuinuka nitasimama niombe lifunguliwe, na kila mtu aandike alijualo na asilolijua. Nawasihi ninyi nanyi, wasomaji, katika kamati zenu na nyumbani mwenu, fanyeni hivyo hivyo. Na yuko mtu kati yenu mliyemwondoa kwa sababu ya mwaka mbaya tu; mwendeeni, mkamsome upya.

Ni mimi mwalimu mwenzenu.